Gome la Magoti na Maziwa ya Kinya

Muthara,
Tigania Mashariki,
9 Juni 2024.

Mpendwa ndugu yangu Muchangi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wifi yangu Regina na watoto. Joto la Mombasa linakutendeaje? Ule mgongo wako umetulia? Huku ni baridi ya Juni, mvua imetuachia maharagwe kidogo, na tunaamka kila siku kwa neema. Magoti yangu ni afadhali. Tumbo ndilo limeniletea maneno, na nimechukua kalamu badala ya kupiga simu kwa kuwa nikiongea hapa nasikika hadi jikoni kwa Kinya.

Unamjua Kinya, mke wa Njeru wangu. Tangu waoane ndiye anayekamua ng'ombe, na kila asubuhi huniletea kikombe cha maziwa moto. Sikuwa na neno naye. Lakini kuanzia mwezi wa tatu, nikiyanywa, saa moja haiishi kabla tumbo halijafura, linanguruma, na mbio za choo ndizo hizo. Mimi niliyelelewa kwa maziwa pale Embu, wewe ni shahidi.

Nikaanza kumwangalia. Yeye mwenyewe hagusi maziwa, anakunywa strungi tu, chai isiyo na maziwa. Nikajiuliza, mbona mtu akamue kitu asichoonja? Halafu mchana nikienda kwa Mama Suhail, yule mke wa mwenye bucha, ananipa glasi nzima ya maziwa mala na tumbo linakaa kimya. Na ng'ombe ni yuleyule, maana maziwa ya kugandisha ananunua kwetu. Basi nikasema tofauti ni mkono unaoniletea kikombe.

Ndugu yangu, nilifanya jambo ambalo sijamwambia hata mchungaji. Nilibeba maziwa ya Kinya kwenye chupa nikampa Mama Suhail, bila kumweleza. Akayamaliza, akapangusa mdomo. Nikakaa namtazama.

"Mama Njeru, wanitazama hivyo, umeniwekea nini?"

Nikamwambia. Akacheka kwanza, kisha akakasirika. "Kwa hiyo mimi ndiye paka wako wa kuonja? Na Ijumaa utakuja kunikopa maini."

Tumbo lake halikusema lolote. Hata hilo halikunituliza. Nikasema basi dawa anayotia Kinya imekusudiwa mimi peke yangu.

Maneno yakamfikia Njeru kupitia ile bucha. Hakupaza sauti. Alisimama mlangoni akasema, "Mama, kama maziwa ya mke wangu ni sumu, hutayaona tena." Tangu siku hiyo hakuna kikombe. Amepata kazi kwenye shamba la mboga kule Timau, na tarehe thelathini wanahama, yeye, Kinya na kale kajukuu kangu Njura kanakoanza kutembea.

Wiki jana nikaenda kliniki Meru mjini kuuliza chanzo cha lile tumbo. Binti mmoja anaitwa Maxine aliniuliza kila ninachotia mdomoni. Nikamtajia gome la mti la kutibu magoti, ninalonunua kwa mzee wa dawa sokoni tangu huo mwezi wa tatu. Nalichemsha asubuhi, linakaza ulimi mpaka basi, kisha nateremsha uchungu kwa maziwa ya Kinya. Maxine akaweka kalamu chini. Akasema ndani ya utumbo kuna kitu kinaitwa kimeng'enya, kazi yake ni kukata sukari ya maziwa ili mwili uichukue. Yale makali ya gome yanaweza kukishika kikashindwa kazi, na sukari inateremka nzima, inaumuka huko chini, ndiyo hiyo gesi na kuhara. Mala hayasumbui sana kwa kuwa sukari yake imeshaliwa kiasi yakiganda. Akasema pia kuna watu wazima wengi ambao tumbo lao halitaki maziwa kabisa, wala hawana ubaya. Hapo nikakumbuka strungi ya Kinya.

Lakini alisema "huenda". Hakupima chochote. Akaniambia tu niache gome wiki mbili, ninywe maziwa, nione.

Nikamrudia mzee wa gome. "Mama," akasema, "gome langu halijawahi kugombana na ng'ombe. Tazama nyumbani kwako." Neno hilo lilinipendeza, na kwa vile lilinipendeza, nalo nikalishuku.

Kuacha gome naweza, ingawa magoti yatalia. Maziwa ya kujaribia ndiyo shida. Ya dukani hayatanionyesha kitu juu ya Kinya. Sharti nimwombe yeye, na kumwomba kikombe ni kukiri kwamba nilimsingizia. Nimepiga magoti juu ya jambo hili na bado ulimi ni mzito. Meza ya Bwana imenipita mara mbili nikiwa nimekaa kwenye benchi.

Wewe kazi yako ni kupima maziwa kiwandani. Niambie bila kunionea aibu kwa kuwa mimi ni dada yako mkubwa: gome linaweza kweli kukizuia hicho kimeng'enya, ama yule binti alikuwa ananituliza? Kama linaweza, nitamwendea Kinya mbele ya Njeru, kabla hawajafunga mizigo.

Leo asubuhi sikuchemsha gome. Nimekunywa maji matupu na kuingia kanisani nikichechemea.

Nisalimie Regina, na Njagi wako umwambie shangazi anamwombea mtihani wake. Mungu azunguke nyumba yako pande zote nne.

Tafadhali nijibu upesi, barua ifike kabla ya tarehe thelathini.

Dada yako akupendaye,
Karimi