Niliimba Wimbo wa Vanamalini Mbele ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na unisamehe mwandiko maana naandika huku nalia. Ijumaa walikuja kuniona kwa ajili ya posa akina Elangovan, karani wa reli, nikatoka na sinia la kahawa, asumini nyweleni, macho chini kama nilivyofundwa, mama yake akasema, "Hebu tuimbie kidogo, mwanangu," na mshauri, wimbo wa kumsifu Bwana Murugan, mungu wetu, niliufanyia mazoezi wiki nzima, lakini nilipomwona Elangovan anapuliza kikombe kilichokwisha kahawa moyo ukaniyeyuka, nikajikuta naimba ule wa Vanamalini, yule nyota wa sinema, akiwa kwenye bembea, na vile ile filamu nimeiona mpaka mkata tiketi ananijua, nikainua macho nikamtazama kwa pembeni vilevile anavyofanya yeye kila anapompenda mtu.

Mama yake akaiweka chini sahani ya bajia. "Huo si ndio anaomwimbia yule mwanamume ambaye hata posa hajaleta? Tena ubeti wa pili umeuruka!" Wakaondoka. Baba hasemi nami, shangazi ananiita "malkia wa sinema", na Elangovan kamtuma dada yake aniambie ananitaka mimi tu. Nampenda, mshauri. Ndiyo nimejiharibia?

Poongodi, Madurai

Poongodi,

Futa machozi kwanza. Wazee wamekuja kukupima adabu, wewe unawaimbia mapenzi! Huyo Vanamalini unayemwiga hata sauti si yake, anaimbiwa na mwingine. Lile jicho la pembeni nalo ameelekezwa, na akikosea wanarudia. Sebuleni kwa baba yako hakuna kurudia.

Lakini umelia mpaka hukusikia ulichoambiwa. Mama mzima anajua ubeti uliorukwa! Huyo naye haachi kwenda sinema. Wimbo haukumuudhi, kilichomuudhi ni kuona mwanawe anachukuliwa mbele ya macho yake kabla yeye mama hajasema ndiyo.

Basi mama yako aende mwenyewe kwa mama yake Elangovan, na maua na ndizi, aombe radhi bila kukutetea. Ukiitwa, nenda ukamwimbie Murugan mpaka mwisho.

Na Elangovan aache kujificha nyuma ya dada yake. Kwenye filamu zote hizo Vanamalini ndiye anayelia na kungoja, bwana anatokea mwishoni kabisa. Wewe usikubali. Amwambie mama yake kwa kinywa chake, "Nimempenda huyu," kabla mwezi huu wa heri wa kufungia harusi haujaisha. Akishindwa, utalia wiki moja, si maisha mazima. Ila kijana aliyethubutu kutuma neno kwenye nyumba ambayo mama yake ameinunia, binti yangu, huyo ataweza.