Mfalme Asiyepakwa Rangi

Baba yangu mpendwa,

Nimeshika tena brashi. Najua huko uliko utaguna na kuuliza nilikuwa wapi siku zote hizi. Nilikuwa hapahapa Kiwalani, nikilikwepa lile boksi la askari wako chini ya kitanda.

Unakumbuka ilivyoanza? Mitumba ilipoanza kumiminika, ulirudi kutoka Buguruni na askari mmoja wa plastiki, wa Kizungu wa zama za kale, amevaa chuma toka utosini hadi nyayoni. Ukacheka, ukasema kwa jua letu huyu angeiva kabla ya vita. Kesho yake ukaanza kumchongea wenzake kwa vipande vya mninga vilivyobaki kazini kwako, kwenye karakana ya samani Mikocheni. Mimi nikapewa upakaji: ngao kwa rangi ya kucha ya mama, farasi kwa masalia ya rangi ya milango. Kitenge juu ya meza kikawa nyika, kopo lililopinduliwa likawa ngome.

Jeshi la pili ulimpa jirani yetu Mzee Maganga, Mnyamwezi, mtani wako. Kila Jumapili mlirusha dado, mkasogeza askari, mkataniana mpaka chai ikapoa. Sheria uliiweka mwenyewe: mfalme hapakwi rangi mpaka ashinde vita. Wa Mzee Maganga alipakwa mapema. Wako alibaki mti mtupu, maana ulishindwa kila mara, na wala hukuwa na haraka.

Siku ya msiba wako Mzee Maganga alifanya kama watani wafanyavyo. Sisi tunalia, yeye akaingia ndani, akamtwaa mfalme wako na kutangaza uani:

"Huyu mateka wangu. Wazaramo ngoma mnaiweza, vita hamviwezi. Anayemtaka aje mezani."

Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Sikwenda. Bila wewe upande ule wa meza, sikuona cha kupigania.

Majuzi panya walitoboa boksi. Nilipolifungua nikakuta ngao zimebabuka. Nikaanza kuzipaka upya, moja baada ya nyingine, nikikukumbuka. Jumapili nikalibeba jeshi lako, nikaenda.

Mzee Maganga amezeeka. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, halafu akasema, "Umechelewa, mateka amekonda." Tukacheza. Nimeshinda, Baba. Akanikabidhi mfalme na kuniambia nikampake.

Nyumbani nilifungua rangi nyekundu. Kifuani mwake bado kuna alama za kisu chako. Na kichwani, pale ulipozoea kumshika ukiwaza, mti umekuwa mweusi na kung'aa kwa jasho la vidole vyako. Nikaweka kidole changu hapo. Kisha nikaifunga rangi.

Mtani wako kasikia, anasema mfalme asiyepakwa hajashinda, kwa hiyo Jumapili nirudi vitani. Nimekubali. Pumzika, Baba. Upande wako wa meza una mtu.

Ni mimi binti yako,
mpaka rangi wa jeshi lako