Mbuzi wa Shukrani Ameliwa, Mimi Bado Nimelala

Jumanne, 2 Septemba

Nimefagia nusu ya uwanja. Nusu imebaki. Nikajilaza. Saa nne asubuhi, mtu mzima nimelala! Mume wangu amepita na jembe begani, hajasema kitu. Afadhali angesema.

Matibabu ya mionzi yaliisha kabla ya mvua. Tukachinja mbuzi wa shukrani, majirani wote hapa Old Korogwe wakala, shehe akaomba dua, nikatangazwa nimepona. Sasa nitamwambia nani kwamba kuosha vyombo kunanimaliza?

Lipo kundi letu la Wasapu, wanawake tuliotibiwa saratani ya matiti. Mama Asha wa Kabuku ametuma sauti. Chagua kazi moja, ifanye umekaa, sema mapema kabla hujaanguka. Wenzangu wanaeleza yao. Mimi naandika "ahsante dada" basi. Naona aibu hata huko.

Alhamisi, 4 Septemba

Mzee Shabani, jirani yetu wa nyuma, amefariki. Mazishi kesho baada ya swala. Wanawake tunatakiwa jikoni. Nitakwenda. Asiyeonekana msibani husemwa.

Ijumaa, 5 Septemba

Bora nisingekwenda.

Bi Mwajuma ndiye msimamizi wa jiko kila msiba hapa. Kanipa sufuria kubwa la wali, limeshapaliwa makaa, nilitazame tu. Kazi ya mtoto. Nikaegemea ukuta, nikasinzia. Harufu ndiyo iliyoniamsha. Wali umeungua chini hadi juu, na watu ndio wanarudi kutoka makaburini.

Bi Mwajuma akasema mbele ya wote: "Sasa yule mbuzi tulimla wa nini, kama mtu bado mgonjwa?" Wakacheka. Msibani, wakacheka! Nimerudi nyumbani khanga usoni. Namchukia yule mama. Najichukia zaidi.

Nimeshika simu nikaliambia kundi lote, kwa sauti, nalia. Mara yangu ya kwanza. Mama Asha kajibu papo hapo: yeye alisinzia kwenye basi, akapitilizwa kwao Kabuku, akaamka Chalinze. Nimecheka na makamasi yangu. Kisha akanikazia. Jumapili kuna hitima, rudi pale pale, useme kwa mdomo wako unachoweza na usichoweza.

Sitaki.

Jumapili, 7 Septemba

Nimekwenda. Nimewakuta wamekaa mkekani. Nikasema nikiwa nimesimama: "Shikamooni. Wenzangu wa kundi la saratani wameniambia niseme wazi. Ugonjwa umetoka, uchovu haujatoka. Nitachagua mchele nimekaa, kisha nitakwenda kulala."

Uso wangu ulikuwa wa moto. Mmoja akanisogezea ungo. Bi Mwajuma hakuinua kichwa. Nimechagua mchele mpaka mikono ikawa mizito, nikaaga. Wao wanahangaika na moto, mimi naondoka mikono mitupu. Macho yao niliyasikia mgongoni hadi barabarani.

Nimelala mpaka alasiri. Angalau sikudanganya mtu.

Jumatatu, 8 Septemba

Bi Mwajuma amekuja. Nilijiandaa kwa ugomvi, maneno nilikuwa nayo tayari. Nikamwamkia, nikampa chai. Ameinywa yote.

Kisha akauliza, macho kwenye kikombe, kama lile kundi letu linapokea mtu ambaye bado hajapimwa.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akauchukua mkono wangu, akaupeleka kwapani mwake. Kivimbe kipo. Kigumu, kama kokwa la zambarau. Anacho tangu mavuno. Hajamwambia mumewe wala binti yake. Anasema jana aliponisikia nikisema mbele za watu, hakuweza kuniangalia.

Na mimi tangu Ijumaa nilikuwa namwombea mabaya. Kila swala. Aibu ya wali si kitu mbele ya hii.

Sikumwambia hilo. Nimemwambia kesho asubuhi twende hospitali, nitakaa naye mpaka aitwe. Nikamwambia pia kwamba nitachoka njiani.

Amesema tutakaa popote nitakapochoka.