Mteremko wa Juu Umefungwa

Ain Talj, Lebanoni
Machi, Jumatatu jioni

Kaka yangu mpendwa Wadih,

Natumai barua hii itakukuta mzima huko Montreal, wewe na wifi na mtoto. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini bado anagombana na jiko la kuni, kwa hiyo usimhofie. Mimi ndiye silali vizuri.

Hali ya hewa haieleweki. Wiki iliyopita upepo wa jangwani ulituletea vumbi, mlima mzima ukawa kama umemwagiwa bizari. Kisha mvua, kisha baridi iliyogandisha kila kitu, na Ijumaa ikaanguka theluji mpya, laini, ya kufika magotini. Watu wa Beirut wakapanda na magari yao kuja kuteleza kwa ski, kila mmoja anautaka mteremko wa juu. Na unajua anayeamua kuufungua au kuufunga ni Baba, tangu kabla hatujazaliwa; hupanda alfajiri peke yake, huchimba theluji na kuipima.

Jumamosi asubuhi Baba alisema kwenye redio ya mawasiliano, kutoka kituo cha chini, tufungue. Mimi na walinzi wenzangu wa mteremko tulikuwa tumeshafika juu. Nikachimba shimo kwa koleo, nikaona theluji mpya imekaa juu ya ile barafu ya manjano bila kushikana nayo. Niliigusa tu, kipande kizima kikateleza; mteremko mzima ungeweza kuwaporomokea watu. Nikamjibu kwamba nafunga, na kila mwenye redio akasikia.

Estefan, mwenye kampuni, alipanda kwa lifti ya viti amevimba kwa hasira, akaniuliza tangu lini mtoto anamfundisha baba yake kazi. Vijana kwenye foleni wakanitania, "Dada, theluji imekuuma?" Baba hakunitetea. Alisema tu, "Basi, ameshafunga," akazima redio.

Kibaya zaidi, hakikuporomoka kitu. Jumamosi ikapita, Jumapili jua likawaka, mteremko ukatulia tu. Kijijini wakaanza kuniita Bi Funga. Nyumbani Baba alikunywa supu bila kunitazama, nami nikaanza kujishuku.

Leo wageni walipoondoka, aliniambia nimpeleke juu kwa gari la theluji. Nilidhani anakwenda kunionyesha kosa langu. Alishuka taratibu akishika bega langu, akatia mkono katika shimo langu la Jumamosi.

"Ulifanya vizuri kufunga," akasema. "Mimi sikuchimba."

Nikamwambia najua, siku ile hakupanda.

"Si siku ile tu, mwanangu. Tangu Krismasi sijachimba. Magoti yamekataa. Nasimama kituo cha chini na darubini, nabahatisha."

Wadih, miezi yote hiyo watu wameshuka pale, watoto wa shule, hata binti wa shangazi Salwa, na sisi tukiamini. Baba ameniomba nisimwambie mtu. Nimekataa. Nimesema Estefan lazima ajue, na asubuhi nitapanda mimi. Hakubisha. Ameomba amwambie mwenyewe, kesho. Hata giza halijaingia, naye ameshakaa sebuleni na koti lake na buti, anangoja asubuhi.

Tafadhali mpigie simu. Habari za magoti usiziguse. Mwulize theluji ikoje.

Mbusu mtoto kwa niaba yetu, na wifi mwambie Mama amemwekea jibini.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ghada