Mkono wa Kulia wa Meli

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Mvua imepiga asubuhi nzima hapa Malindi, sasa jua limetoka na kuta zinafuka. Nina furaha ya mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima kumbe ameukalia.

Nianze kwa kukiri: wiki nzima nimekuwa nikipiga maji.

Maji, si meli. Mchezo wa nyambizi aliouweka kaka yangu Haji kwenye kompyuta una msaada wa kulenga. Unabonyeza, hesabu zinapigwa zenyewe, torpedo inaondoka, meli ya adui inalipuka. Mtoto mchanga anaweza. Jumamosi niliuzima msaada huo, nikasema nitalenga kwa akili yangu.

Sababu ninayo. Kazi yangu ni kukata tiketi za boti bandarini, lakini ninachotaka ni kuiendesha hiyo boti. Mtihani wa unahodha nimeufeli mara mbili, mara zote kwa swali lile lile la mdomo: ukiona taa nyekundu ya meli nyingine, unautazama ubavu wake upi? Nikajibu kulia, kwa sababu kwenye picha aliyonionyesha mtahini meli ilikuwa kulia. Akafunga daftari. Jumanne ni mara ya tatu, na ya mwisho inayoruhusiwa. Nikifeli, nitabaki dirishani nikiwauliza abiria majina yao mpaka nizeeke.

Kulenga mwenyewe kunataka mambo matatu. Umbali, unaupata kwa kupima urefu wa mlingoti kwenye periskopu, ile darubini ya nyambizi. Kasi, unahesabu sekunde meli ikikata mstari wa katikati ya kioo. Hayo nimeyaweza, hata Haji amekubali, na Haji hakubali kitu. La tatu ni pembe: kutoka omo ya meli ile, yaani mbele yake, mimi niko upande gani, nyuzi ngapi? Nyuzi nilikuwa nikizipata. Lakini torpedo zangu zote zilikimbilia kule meli ilikotoka. Kumi na moja! Jana nilipiga meza hadi chai ikamwagika, kisha nikalia. Nikajiambia labda kichwa changu ni cha tiketi tu.

Leo tumekaa kwenye sinia la pilau, mama, Haji na mimi. Haji yuko mbele yangu, tunatazamana. Upande mmoja kibakuli cha achari, upande wa pili kachumbari.

"Haji, hebu nsogezee hicho kibakuli cha kulia," mama akasema.

Haji akanyoosha mkono kwenye achari. Mimi, kwa kiherehere changu, nikashika kachumbari, iliyo kulia kwangu.

"Nnamwambia Haji, si wewe. Kulia kwake yeye, mkono anaolia yeye!"

Mkono anaolia yeye.

Neno hili nalisema tangu utotoni na sikuwahi kulisikia. Mkono wa kulia ni wa kulia chakula, na kila aliyekaa kwenye sinia ana wake. Meli nayo ina wake. Nilikuwa nikiandika "kulia" kwa sababu meli iko kwenye mkono wangu mimi, na swali lilihusu mkono wake yeye. Mtahini naye aliniuliza hivyo hivyo, mara mbili.

"Mwanangu, waumwa?"

"Mzima, mama. Nshashiba." Haijapata kutokea nikaacha pilau.

Nikakimbilia kompyuta. Meli ya mizigo ikatokea kulia kwangu, ikija kukata mbele yangu. Nikajikalisha ndani yake, nikatazama mbele, nikajitafuta. Nilikuwa kushoto kwake. Nikaandika kushoto, nikafyatua torpedo moja, nikahesabu kwa sauti.

Moshi!

Nilipiga ukelele hadi Haji akaja mbio na vidole vya mafuta. Nikafyatua nyingine tatu. Moja ikakosa, nilipima mlingoti vibaya, na kosa hilo nalijua kwa jina.

Taa nyekundu iko kushoto. Ubavu wa kushoto, bwana mtahini. Kushoto kwake yeye.

Sijidanganyi, bado naogopa. Mtihani hauna kitufe cha kuanza upya. Lakini nitakwenda, na kabla sijafungua mdomo, nitahamia kwanza upande wa pili wa sinia.