Zizi la Bulandina

Jumanne, 9 Julai 2024

Tsongo kaja. Shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu Danieri. Hata hodi hakupiga! Moja kwa moja zizini, na ile fimbo ya Danieri aliyokabidhiwa siku tulipoanua matanga. Danieri aliiegemea tu, hakuwahi kumgusa ng'ombe nayo. Huyu kafika, pa! — ng'ombe wangu Bihogo mgongoni, na mimba yake ile. Kundi zima likarukia ua.

Nikamwambia hapa kwangu hatupigi. Akacheka. Eti ng'ombe husikia fimbo, na mwanamke vilevile. Mshenzi!

Alhamisi, 11 Julai

Siku ya chanjo. Nimewapitisha wote kwenye krashi, ule uchochoro wa mbao wa kuchanjia. Mwanzoni waligoma. Nikatafuta kisa — kumbe koti la daktari, limetundikwa kwenye mbao, linapepea. Nikaliondoa. Nikasimama ubavuni mwa wa kwanza, nyuma kidogo ya bega lake, nikamsogelea. Akatembea. Hapo hapo nikarudi nyuma, nimwachie nafasi. Hiyo ndiyo asante yake. Wengine wakafuata, kimya, kama wanakwenda kunywa maji. Ndivyo tulivyofundishwa mimi na Danieri kwenye ranchi ya watu, kabla hatujapata hawa wetu.

Asuman, daktari wa mifugo, akasema kamba zake amezibeba bure.

Tsongo alikuwa anaangalia kutoka barabarani. Nilifurahi. Najua ni dhambi, lakini nilifurahi sana!

Jumapili, 14 Julai

Baada ya kanisa, kikao cha ukoo. Wanaume watupu. Nikaitwa mwishoni nisikilize uamuzi: mjane hana zizi. Ng'ombe watauzwa Bwera, kwa Jean-de-Dieu, Mkongo anayepelekea mabucha. Jumatano. Wote, hata Bihogo na ndama wake tumboni.

Nani aliwalea? Nani aliamka kukamua miaka yote hii, Danieri akiwa mgonjwa? Nikasema sikubali. Wakasema kikao kimefungwa. Basi na wafunge.

Jumatatu, 15 Julai

Nimetembea hadi kwa mwenyekiti wa kijiji. Hayupo, kaenda Kasese mjini. Nimelia njiani. Nikanawa uso, nikarudi kukamua.

Simpigii mtu magoti.

Jumatano, 17 Julai

Lori limekuja asubuhi. Tsongo na vijana wake, na Jean-de-Dieu na kofia yake nzuri. Jua limeshakuwa kali na hakuna hata ng'ombe mmoja aliyepanda!

Wamejazana pale pale mlangoni pa lori, wanapunga mikono, wanapiga kelele, ingia, ingia! Ataingiaje, na njia wameiziba wenyewe? Wangesogea kando tu, watulie, kundi lingepanda. Najua. Sisemi.

Tsongo kainua mkono apige. Jean-de-Dieu kamrukia, anamwita yaya, yaani kaka, kwa Kiswahili cha kwao:

"Apana, yaya! Ngombe ya kupigwa, nyama yake inakuwaka nyeusi. Batu habanunuake! Ukipiga, miye naenda na lori yangu."

Wamekwama. Vijana wamejaribu majani, wamejaribu chumvi, mmoja kajaribu kuvuta mkia, kapigwa teke la haki. Mimi nimeketi juu ya ndoo, naandika. Waache waone mwanamke anaandika.

Lakini roho inaniuma. Bihogo amesimama juani, ulimi nje. Nikinyamaza, wanateseka mbele ya macho yangu. Nikisaidia, nawapeleka machinjioni kwa mkono wangu. Mungu wangu, wananiamini hawa! Wangenifuata hadi ndani ya lori bila kuuliza.

Tsongo anakuja huku. Vijana wamekaa chini, wamechoka.

Kasimama mbele yangu. Anatazama miguu yake. Mkongo naye kasogea, anasikiliza.

"Bulandina," anasema, "njoo usemeshe hizi ngombe ipande. Ni wewe inasikia."

Sijainua kichwa. Nimemuuliza, kwa sauti ili Mkongo asikie: ngombe ya nani?

Tsongo anageuza fimbo mkononi. Bado amesimama. Jean-de-Dieu anamwangalia yeye, kisha mimi, kisha yeye, anangoja jibu.