Kinyonga Hatanyimwa Tena

Mama,

Kukhu amezaa. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hujauliza kama nimekula au kama paa la jikoni bado linavuja. Bado linavuja. Niliwakuta watoto asubuhi nilipokwenda kunyunyizia majani maji ili vinyonga wanywe. Walikuwa wamedondoka kwenye lile tawi la mpera, wengine bado wamo ndani ya vile vifuko vyao vyembamba, wanajinyoosha, wanatoka, wanaanza kutembea kwa ile hatua yao ya mbele na nyuma. Nilikaa sakafuni nikalia. Kisha nikainuka nikawatenga na mama yao, kama ulivyonifundisha, maana kinyonga hajui ulezi, na mtoto kwake ni mlo kama milo mingine.

Uliposema Kukhu, jina la bibi, linamfaa kwa sababu anatembea akifikiri, nilikuona unaharibu jina. Sasa namwita Kukhu mimi mwenyewe, kwa sauti, hata wateja wakiwepo.

Lakini ujue, nusura wasizaliwe.

Watu walianza hata kabla mwili wako haujatoka mochari. Walisema kinyonga ndiye aliyekuua. Daktari alisema ni presha, na mimi ndiye niliyekuwa nikikukumbusha vidonge, lakini daktari hakualikwa kwenye mazungumzo ya nyuma ya jikoni. Huko presha haina ladha. Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai nikamsikia mama mmoja wa kwaya, yule uliyemshonea sare mara mbili kwa kuwa alinenepa katikati, akisema, "Huyu mama alikuwanga mtu mzuri sana, shida ni hii mashetani alikuwa anafuga." Nilimpa chai yake. Sikumwekea sukari.

Siku ya kukuzika, mhubiri alisoma habari za nyoka wa Edeni, na kila akifika kwenye neno nyoka ananitazama. Mimi nami nikamtazama mpaka akapoteza mstari. Nilikuwa nakufikiria wewe ukimkunja Karani mkononi, yule nyoka wa nyumba asiye na sumu hata ya kumlevya nzi, ukimwambia, "Wewe na mimi tunasingiziwa sana."

Halafu wakina mama wakafagia boma. Walifagia kwa upendo, siwalaumu, ndivyo msiba unavyotunzwa. Lakini katika kufagia walikuta ile ndoo yako ya ndizi zilizooza nyuma ya choo, wakaona uchafu wa mtu aliyekuwa mgonjwa, wakaimwaga mtoni na ndoo wakaisugua kwa majivu. Wangejuaje kwamba wale nzi wadogo wa ndizi ndio chakula cha kinyonga aliyezaliwa leo? Tumbo la Kukhu lilikuwa limeshajaa watoto. Panzi kwake ni sawa, lakini mtoto mchanga utampa panzi? Nikiwa bado na kitambaa cheusi kichwani nilikwenda sokoni kuomba ndizi zilizooza. Muuzaji alinipa pole, akanichagulia nzuri. Ilinibidi nimwambie hapana, nataka zile mbovu. Aliniangalia, akaziweka kwenye mfuko bila kuuliza, nadhani alijua huzuni ina mambo yake.

Sasa nikueleze siku ya kunyolewa nywele, tulipokuwa tunamaliza matanga.

Unakumbuka baba mdogo alivyokuwa akikwepa kuingia nyumba ya vizimba vya wanyama wako. Alifika kutoka Malinya mapema, na mkononi ameshika jerikeni ya mafuta ya taa. Hakuificha. Wazee walipokaa kuzungumza kuhusu vitu vyako, cherehani, vitanda, shamba la chini, alisubiri zamu yake, kisha akasimama. "Imali mwanangu," akasema, "hii mambo ya manyoka na vinyonga ilikuwa ya mama yako, na yeye ameenda. Leo tunachoma hii vitu tumalize. Hii ndio ilileta kifo kwa boma." Na akaanza kusimulia ile hadithi, kana kwamba mimi nilizaliwa Mombasa.

Hadithi yenyewe ni wewe uliyenipa. Zamani mtu alikuwa hafi. Siku moja yuko anakula, kinyonga akaja akamwomba chakula, yule mtu akamnyima, akamfukuza. Kinyonga akamwambia, basi utakufa, wewe na watoto wako. Akaenda kwa nyoka, nyoka akagawana naye alichokuwa nacho, naye akabarikiwa awe anavua ngozi na kuendelea kuishi. Kila mtoto wa huku anaijua, na kila mtoto akimwona kinyonga njiani huokota jiwe. Ni wewe tu niliyekusikia ukiimaliza kwa swali. Ulikuwa ukishona, pini mdomoni, ukauliza, "Sasa hapo aliyekosa ni nani, aliyeomba ama aliyenyima?"

Nilimwachia baba mdogo amalize. Kisha nikamuuliza kuhusu fahali wake. Ndiyo, Mama, mbele ya wazee. Nikasema, baba mdogo, yule fahali wako unamwimbia, unamkandia miguu, unampeleka uwanjani na ngoma za isukuti apigane, na juzi alivunja ukuta wa jirani na mbavu za mwenye ukuta. Hakuna aliyekuja kwako na mafuta ya taa. Kinyonga wa Mama hajawahi kuvunja hata kijiti. Kama kupenda mnyama ni ushetani, tuanzie Malinya.

Wazee walikohoa. Unajua kule kukohoa kwa mtu anayezuia kicheko matangani.

Alisema fahali ni heshima ya ukoo. Nikasema kinyonga ni heshima ya mama yangu. Akasema, "Hii ni kiburi." Nikasema ndiyo.

Chakula kikaletwa, obusuma na ingokho, ugali wa moto na kuku wa mchuzi, na maji ya kunawa yakaanza kupitishwa. Hapo ndipo nilipokwenda kwenye vizimba nikamtoa Kukhu, nikarudi naye amening'inia kwenye mkono wangu wa kushoto. Viti vilirudi nyuma vyote pamoja. Kukhu alikuwa amegeuka rangi kwa hofu, ana mabakamabaka meusi ubavuni. Nikamshikia panzi. Akamtazama kwa jicho moja, jicho lingine likamtazama baba mdogo. Kisha ulimi ukatoka, panzi akaenda.

Nikawaambia, hapa kwa Mama kinyonga anakula kwanza. Yule wa kwanza alimnyima na sote tukaingia kaburini. Mimi sitarudia kosa lake. Anayetaka kuchoma anichome na mimi, mafuta yako pale. Sasa naweni mikono.

Walikula. Chakula cha matanga hakisusiwi. Baba mdogo aliondoka na jerikeni yake imejaa kama ilivyokuja, na kwaheri hakuniaga.

Usidhani kila kitu kimekuwa sawa. Kuna wateja waliokuja kuchukua vitambaa vyao hata kabla sijavipima. Kwaya wameanza kupita njia ya juu. Waende. Wale wanaobaki wanataka nguo zao zikae vizuri mabegani, na hilo najua kufanya. Kibali cha wanyamapori ofisi imenipa, sasa kina jina langu. Nimeshona vizimba vipya vya neti kwa ajili ya watoto, mshono mara mbili pembeni kama ulivyokuwa ukinigombeza, na nimewatenganisha wasionane wakasumbuana. Ndoo ya ndizi inanuka vibaya sana. Nzi wamejaa. Ungefurahi.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Asubuhi ya mazishi, waliponiacha na wewe kidogo nikuweke leso vizuri, nilitoa mfukoni ngozi ya mwisho aliyoivua Karani, ile iliyotoka nzima kutoka mdomoni hadi mkiani ukaiweka kwenye droo ya futi na vifungo. Niliikunja nikaiweka chini ya leso, kifuani pako. Mhubiri angejua angetaka ufukuliwe. Nyoka ndiye aliyegawa chakula chake, na wewe uligawa chako maisha yako yote, kwa watu na kwa wadudu. Kama kuna baraka kwenye hiyo ngozi, ni haki yako. Kama hakuna, basi ulizikwa na kitu ulichokipenda, na ni wangapi huzikwa hivyo?

Jana baba mdogo alikuja. Alisimama langoni, hakutaka kuingia, ameshika mkebe wa majani ya chai uliotobolewa matundu juu. Ndani mlikuwa na panzi wanarukaruka. Akasema, akiangalia barabarani, "Hii vitu inasumbuanga fahali yangu kwa malisho. Nikaona badala nitupe." Malinya hadi hapa ni mbali kwa mtu kuja kutupa panzi.

Sijamsamehe, Mama. Jerikeni ile bado naiona. Lakini nilipokea mkebe, nikamvutia kiti pale pale langoni, nikampikia chai na kumkatia mkate, naye akala mpaka akamaliza. Kumnyima mtu chakula akiwa mlangoni pako, sisi tumeshajua kunaleta nini.

Pumzika sasa. Vizimba viko mikononi mwangu, na nakuahidi hapa hatachomwa yeyote nikiwa hai. Siku nitakapokufuata nitakuja na ngozi yangu ya Karani, ngozi nzima, na nitakusimulia watoto wa Kukhu wamefika wapi.

Mwanao mkaidi uliyemlea hivyo kwa makusudi,
Imali